Alizaliwa Ulaya

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mdogo wangu alinitumia picha yake kwa WhatsApp saa nne usiku, nikiwa nafunga banda langu la wali hapa Mikumi. Ofisi ya ndoa ya mji anakoishi, kaskazini mwa Ujerumani, ilikuwa na swali dogo: cheti cha kuzaliwa kinasema muombaji alizaliwa Kilosa, kiapo cha mama yake kinasema alizaliwa Ulaya. Aeleze ni nchi gani ya Ulaya, na alete uthibitisho.

Nilicheka mpaka nikakalia ndoo ya maharage. Kisha nikaacha kucheka, maana kibali chake cha kuishi kule kilikuwa kimebakiza wiki saba.

Kwa asiyepajua kwetu, Ulaya ni kata ya Wilaya ya Kilosa, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kilosa mjini. Tumekulia pale tukilima mpunga na ufuta, na utani wake tuliuchoka tangu shule ya msingi. Ukimwambia mtu wa Dar umetoka Ulaya, kwanza anakutazama viatu. Neno lenyewe lina ndugu wengi kuliko sisi. Asili yake ni Kiarabu, wilaya, yaani eneo lenye mtawala. Wahindi walilifanya vilayat wakimaanisha kwa wakubwa wao, Uingereza; askari wa Kiingereza nao wakalibeba kutoka India wakalikoroga likawa Blighty, kwao nyumbani. Sisi Waswahili tukalipokea mara mbili: moja tukaiita Ulaya, nyingine tukaiita wilaya. Ukiandika Kata ya Ulaya, Wilaya ya Kilosa, umeandika neno moja mara mbili. Na bado Mjerumani hakuridhika.

Lakini nimeanzia mkiani.

Mwanzo ulikuwa simu. "Dada, nataka kufunga ndoa. Mwenzangu anatoka Mombasa, ni muuguzi." Nikapiga kigelegele kidogo, mafuta yakiunguza vitunguu nyuma yangu, nikauliza kama angeuliza yeyote: shemeji anaitwa nani? Akanitajia. Lilikuwa jina la mwanamke.

Mwaka mzima nilikuwa nimesikia habari za huyu mwenzake. Amechelewa kazini. Amepika pilau. Anakusalimia sana. Kiswahili kilikuwa kimemsitiri mdogo wangu bila yeye kusema uongo hata mmoja, kwa sababu kwetu anayepika ni mtu tu, hana kike wala kiume. Kijerumani, ananiambia, hakina subira hiyo. Kinataka kujua kabla hujamaliza sentensi.

Sitajifanya nilikuwa jasiri. Nilisema "haya", nikakata simu, nikatupa vile vitunguu. Siku ya tatu nikampigia mimi. Hakuniomba baraka. Alitaka karatasi.

Hali yao ilikuwa hivi. Mwenzake ana kibali cha kazi cha miaka kadhaa, kimefungwa kwenye hospitali iliyomwajiri. Mdogo wangu alikwenda kwa kazi ya kujitolea kwenye nyumba ya wazee, na muda wake ulikuwa unakwisha. Wote wawili wageni, wote viza za muda. Wakioana, mwenye kazi anaweza kumwombea mwenzake kibali cha mwenzi. Wasipooana, mmoja anapanda ndege. Bunge la kule lilipitisha ndoa yao tarehe 30 Juni 2017 kwa kura 393, na sheria ikaanza Oktoba mosi mwaka ule ule. Kwetu hakuna mlango wa kupitia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela na kuishia kifungo cha maisha. Sijui sheria, nauza wali. Najua tu kwamba karani mwenye nia mbaya hasomi kifungu mpaka mwisho.

Nilimuuliza kwa nini wasiende Afrika Kusini, angalau karibu na nyumbani. Kumbe alikuwa ameshasoma kama mwanafunzi wa kidato cha sita. Kule, Mahakama ya Katiba iliamua Desemba 1999 kwamba mwenza mgeni wa jinsia moja naye astahili kibali cha kuishi, miaka saba kabla ndoa yenyewe haijaruhusiwa mwaka 2006. Namibia, Mei 2023, Mahakama ya Juu ikasema mgeni aliyeoana na raia wake ng'ambo, hata kama ni jinsia moja, ni mwenzi mbele ya uhamiaji. "Lakini dada, hao mmoja wao alikuwa mwenyeji. Sisi mwenyeji wetu nani?" Kesi aliyoiona inafanana na yao ilikuwa ya mbali, Hong Kong, Julai 2018: mmoja ana viza ya kazi, mwenzake anaomba ya mtegemezi, na mahakama ikampa. Hong Kong! Nikamwambia basi tubaki na Wajerumani, angalau hao waliwahi kupita Kilosa.

Karatasi ya kwanza ilikuwa cheti cha kuzaliwa, na hapo wakaingia mchwa.

Mama anaweka kila kitu kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Bati haliliwi na mchwa, ndivyo tulivyoamini. Lakini bati lina kutu, na kutu hutoboa. Walipanda kutoka sakafuni wakajenga njia yao ya udongo, wakaingia kwa tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Walikula kadi za kliniki. Walikula picha ya harusi ya mjomba. Cheti cha mdogo wangu walianza na jina la baba, na kwa jinsi baba alivyotuacha, mama aliona hawakukosea sana. Ikabidi nihangaikie nakala mpya, wiki tatu, na ilipotoka jina lake lilikuwa limeandikwa kwa L. Pasipoti inaandika kwa R. Huku kwetu hizo ni herufi moja yenye asubuhi na jioni. Kwa Mjerumani ni watu wawili. Kikahitajika kiapo cha mama kwamba L na R ni mwanawe yule yule.

Wakati huo huo nilikuwa nafukuzia karatasi ya pili, ile hati ya nchi yako kusema haioni pingamizi wewe kufunga ndoa. Nikapanda basi kupita mbugani hadi Morogoro, nikachukua treni ya SGR mpaka Dar, nikapanga foleni kwenye ofisi ambayo siitaji. Fomu niliyopewa ilitaka jina kamili la mchumba na nakala ya pasipoti yake. Nililitazama lile jina kwenye simu yangu. Nikamtazama dada wa dirishani, mpole, ana hina mkononi. Nikaikunja fomu mara nne nikasema nimesahau miwani. Sijawahi kuvaa miwani.

Usiku wa siku ile ile mdogo wangu akapiga. "Dada, ile hati ya pingamizi usihangaike nayo." Kumbe Kanuni ya Madai ya Ujerumani, kifungu cha 1309, kina aya ya tatu: sharti la hati ya nyumbani halimhusu anayetaka ndoa ya jinsia moja ikiwa nchi yake haina ndoa hiyo. Yaani kwa kuwa nchi yetu inakataa kabisa, haihitajiki kuulizwa. Nilirudia hiyo sentensi kichwani njia nzima ya kurudi, na tembo wa Mikumi wamesimama kando ya lami kama nao wanaisikiliza.

Kikabaki kiapo.

Kilosa nzima inamjua Mangungo. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukusimulia jinsi Karl Peters alivyofika Usagara mwishoni mwa 1884 na karatasi zake, na chifu Mangungo wa Msovero akatia alama kwenye mkataba wa lugha asiyoijua, akidhani ni urafiki. Februari mwaka uliofuata Kaisari akatoa hati ya ulinzi, na nchi ikawa imekwenda. Msovero iko wilaya yetu hii. Kwa hiyo mama, mwenye kisomo chake cha watu wazima cha enzi za Mwalimu, akiona karatasi inakwenda kwa Mjerumani, haweki dole gumba kirahisi.

"Isome," alimwambia wakili.

Wakili, kijana mwenye adabu, aliamkia tena, akasoma.

"Rudia hapo pa kuzaliwa."

"Kwamba mwanangu nilimzaa Kilosa, mwaka 1994."

"Kilosa sijawahi kuzaa mimi. Nilizaa Ulaya, nyumbani kwangu, mikononi mwa mkunga. Unataka niape uongo?"

Wakili akaeleza kwamba Kilosa ni wilaya, na Ulaya imo ndani yake. Mama akamwambia hata yeye wakili yumo ndani ya Tanzania, lakini mamaye hakumzaa Dodoma. Kijana akafuta, akachapa: Ulaya. Mimi nilikuwa pale nimekaa. Niliona, na wazo halikunijia. Nilikuwa naomba Mungu mama asiulize lile neno la mwisho, kwa ajili ya taratibu za ndoa.

Aliuliza kwenye Noah, tukirudi, mbele ya abiria tisa.

"Huyo mkwe ni mtu wa wapi?"

"Mombasa, mama."

"Kazi?"

"Muuguzi."

"Anasali?"

"Sana."

Tukavuka daraja. "Anapika?"

"Anapika vizuri mno."

Mama akatazama dirishani. "Mwanamume wa Mombasa, anapika, na mwaka mzima hajaomba kuzungumza na mimi." Hakuliuliza. Alilisema tu, kama mtu anayehesabu magunia. Kondakta akaanza kudai nauli, nikamshukuru moyoni mpaka leo.

Kiapo kikaenda kwa mtafsiri kulekule. Mtafsiri, ambaye sina shaka ni mtu msomi, alipofika kwenye "nilimzaa Ulaya" akaandika kama kamusi inavyosema: alizaliwa bara la Ulaya. Ndipo ikaja ile barua niliyoanza nayo. Mtu anayebembeleza kuruhusiwa kuishi Ulaya anaulizwa kwa nini alificha kwamba ni mzaliwa wa Ulaya.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kata asubuhi na mapema, kabla ya watu wa mashamba. Nikamweleza nusu. Nikasema Wajerumani wanadhani mdogo wangu alizaliwa kwao, wanataka barua. Alicheka, akaita mgambo acheke naye, kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe: kata hii inaitwa Ulaya, iko Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, wala si sehemu ya bara la Ulaya. Akagonga mhuri mara mbili. "Wa pili ni wa Wajerumani," akasema, "wanapenda." Sababu ya barua akaandika makazi. Sikumsahihisha, na wala haukuwa uongo.

Mtafsiri safari hii aliweka maelezo chini ya ukurasa. Walifunga ndoa Ijumaa, dakika kumi na tano, wakiwa wamebakiwa na siku tisa. Maombi ya kibali cha mwenzi yakaingia Jumatatu: hati za mshahara, bima ya afya, mkataba wa nyumba, cheti cha ndoa ambacho wino wake haujakauka vizuri. Majibu huchukua miezi. Katikati hapo ofisi humpa mtu karatasi ya kumruhusu kubaki, na jina la karatasi hiyo kwa Kijerumani lina neno lile lile la hadithi za kubuni. Sheria inajifanya kana kwamba kibali cha zamani bado kipo mpaka uamuzi utoke. Mdogo wangu alinitumia picha yake. "Dada, sasa mimi ni hadithi rasmi."

Mama nilimwonyesha picha za harusi Jumapili, nikiwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Nilianza na ile ya mbali, watu wengi wamejaa kwenye ngazi. Akachukua simu, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu. Akatazama. Kuku waliingia ndani, wakatoka, hakuna aliyewafukuza.

"Huyu mrefu ndiye wa Mombasa?"

"Ndiye."

"Amemfunga kilemba vibaya mwenzake."

Akanirudishia simu, akaenda kuanua ufuta. Wiki nzima hakulitaja. Hakuja bandani, hakupokea simu mbili za mdogo wangu, na ya tatu akapokea akaongea habari za mvua. Mimi nikaona limeishia hapo, na nilikuwa tayari kuridhika nalo.

Siku ya gulio alishuka Mikumi na kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na doti ya khanga, nyekundu na nyeusi, mpya, haijakatwa. Nikamwambia nitaikata niipinde, nimtumie mdogo wangu.

"Usiikate," alisema. "Wataikata wenyewe."

Posta walinipa fomu ya kifurushi. Kinakotoka: Ulaya. Kinakokwenda: Ujerumani. Karani akasoma, akaniangalia viatu.