Kikao Kisicho na Posho

Bungu, wilayani Kibiti, ndani ya banda la mabati kando ya barabara ya Kilwa. Waliohudhuria: Jembe, Pawatila, Mfuko wa Mbolea na Muhogo. Ajenda: Je, kilimo cha kubebwa na serikali kinadumu?

PAWATILA: Shikamoo, Babu Jembe.

JEMBE: Marahaba, mjukuu wangu. Bado unangoja spea?

PAWATILA: Bado. Sisi watoto wa Kilimo Kwanza, kaulimbiu ya 2009, tulipokelewa kwa ngoma na hotuba. Ufunguo ulikabidhiwa mbele ya kamera. Spea hazikuletwa hata usiku.

JEMBE: Pole. Mimi nilianza na Siasa ni Kilimo, 1972. Ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona, 1974. Kaulimbiu zote zimekufa. Aliyepona ni mimi.

MFUKO: Babu, usitukane juhudi! Bajeti ya kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka uliofuata ikafika bilioni 954. Na ruzuku ya mbolea ikarudi.

JEMBE: Umesema ikarudi. Kwani ilikuwa imekwenda wapi?

MFUKO: Zile vocha za 2008 zilifika mwisho. Nikabaki dukani, kwa bei yangu kamili.

JEMBE: Na mkulima?

MFUKO: Alikuwa akipita, ananisalimia.

MUHOGO: Mimi sijawahi kuzinduliwa na mtu. Nakaa chini ya udongo, njaa ikija wananing'oa.

PAWATILA: Huna hata mpango mkakati!

MUHOGO: Nina shina. Ukilikata vipande, ndiyo mbegu ya msimu ujao. Wewe ukifa, watapanda nini? Tairi?

MFUKO: Basi serikali ikae pembeni, si ndivyo?

MUHOGO: Nani kasema? Batobato ikinishika, hilo shina ndilo linalosambaza ugonjwa. Hapo namtaka bwana shamba na mbegu safi. Nataka na barabara, nifike sokoni kabla sijaoza. Hayo mkulima hayawezi peke yake.

JEMBE: Na wakulima waulizwe kabla serikali haijaamua. Baada ya mafuriko ya 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa maeneo yaliyoinuka, nje ya bonde. Serikali ikaona maji tu. Mkulima aliona na rutuba, akarudi bondeni, akajenga dungu, akalinda mpunga wake. Aprili 2024 mto ukafunika tena mashamba ya Rufiji na Kibiti. Maji yakishuka, mkulima anapanda mazao ya mlau unyevu ungalipo. Mbegu ikichelewa, msimu umepotea. Mlau hausubiri zabuni.

PAWATILA: Sasa tuandike azimio gani?

JEMBE: Andika hivi. Mradi wa kilimo usipimwe siku ya uzinduzi. Upimwe msimu wa tatu, mgeni rasmi akiwa amekwisha kusahau jina la kijiji. Siku hiyo tuulize mambo matatu: spea zinapatikana wapi, mbegu ni ya nani, na mavuno yananunuliwa kwa bei gani. Asiye na majibu asituletee kaulimbiu nyingine.