Ampea 320

Tangu Jumamosi jina langu limebadilika. Nikipita stendi ya bodaboda hapa Waa, vijana huniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, Ami Moshi!" Naitika marahaba. Wazee husema ukilikasirikia jina litakuganda. Sikukasirika, na limeniganda vilevile.

Ilikuwa saa kumi alasiri, kwenye kiwanja cha kando ya barabara ya Likoni–Ukunda. Matairi mabovu sita yamepangwa kuwa kona, na magari matatu ya rimoti yako mstarini: la mwalimu, la kijana wa bodaboda, na langu. La nne halikualikwa. Mjukuu wa jirani, miaka tisa, alikuja na gari lake la waya lenye magurudumu ya champali kuukuu na usukani wa fimbo ndefu. Akasema atakimbia nasi "kwa kujifurahisha tu".

Leso ikashushwa. Gari langu lilichomoka hata mwalimu akaguna. Kwa sekunde nne nzima nilikuwa bingwa wa Kaunti ya Kwale.

Kona ya pili ina mchanga laini kama unga wa mahamri, na hapo ndipo mama wa viazi karai anapoweka meza yake. Magurudumu ya nyuma yakazama. Mwenye akili angeachia kitufe. Mimi nilikaza kidole mpaka mwisho, kama dereva wa matatu aliyekwama topeni na abiria wanamtazama. Gari likaguna, likatetema, likanyamaza. Kisha ukatoka moshi. Ulikuwa mweupe, mzito, una harufu ya nywele na plastiki, na ukaelekea karaini moja kwa moja bila kuuliza njia. "Moto!" mama akapiga ukelele. Msamaria mmoja akaja mbio na ndoo ya maji ya kuoshea sahani, akalimwagia gari lote, na mbaazi mbili zikabaki juu ya boneti. Mjukuu wa jirani akauzunguka moshi na fimbo yake, akamaliza wa tatu.

Fundi wa kusuka mota wa Ukunda aliifungua mota yangu, akainusa, akaifunga. "Ami," akasema, "hii haikufa. Imeuawa."

Nilirudi nyumbani na ghadhabu, nikakesha nikisoma. Nakiri kwamba kufikia saa nane za usiku ghadhabu ilikuwa imekwisha, nimebaki na mshangao. Mota inapozunguka, yenyewe huwa jenereta! Inapokea umeme kutoka kwenye betri na papo hapo inazalisha umeme wake wa kuisukuma betri nyuma. Kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyosukuma zaidi, ndiyo maana mota inayokimbia bila mzigo hula umeme kidogo sana. Ishike isimame, na msukumo ule unatoweka. Hapo kinachobaki kuuzuia umeme ni ule waya tu, na waya wenyewe ni mfupi. Chukua mota ya kawaida ya magari haya, ile ya kopo la rangi ya fedha, RS-540 ya Mabuchi. Ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ohmu. Gawa volti 7.2 za betri kwa hiyo, unapata ampea zipatazo 70. Mota hiyo hiyo ikikimbia bila mzigo hutosheka na ampea mbili na ushei. Yaani gari lililokwama mchangani hunywa umeme mara thelathini kuliko linaporuka hewani. Nilimwamsha mke wangu nimweleze. Hakufurahi.

Na yangu haikuwa ya kawaida. Mota hizi huhesabiwa kwa raundi za waya uliosukwa ndani. Mgeni hudhani nyingi ndiyo nguvu. Kumbe raundi zikipungua, waya unakuwa mfupi na mnene, mota inakwenda kasi zaidi na kula zaidi. Ya raundi 27 ni mzee mstaarabu. Ya raundi 12 ni kijana aliyepokea mshahara wa kwanza. Nilichukua ya 12.

Kilichobaki kueleza ni kontrola, kile kidude kati ya betri na mota. Nacho ni maajabu. Nilidhani kinapunguza umeme kama bomba linavyopunguza maji. Kumbe hakijui kupunguza. Kinajua kuwasha na kuzima tu, maelfu ya mara kwa sekunde. Ukitaka nusu ya mwendo, kinawasha nusu ya muda na kuzima nusu, upesi kiasi kwamba mota haitambui kuwa inadanganywa. Kazi hiyo hufanywa na transista ndogo kuliko punje ya mahindi, na umeme wote wa gari hupita ndani yake.

Nilikuwa nimevuka feri kwenda Mombasa kuinunua. Juu ya kaunta zilikaa mbili. Moja imeandikwa 60A, shilingi 3,800. Nyingine imeandikwa 320A, shilingi 950. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Nililipa haraka kabla muuzaji hajagundua kosa lake, na kwenye feri nikamwonea huruma.

Sasa tulia uzifikirie ampea 320. Plagi ya pasi yako ina fyuzi ya ampea 13. Kwa ampea 320 ungewasha pasi ishirini na nne kwa pamoja, na kidude changu kilidai kubeba zote kwa nyaya nyembamba kama tambi. Tarakimu za namna hiyo mara nyingi hujumlishwa kutoka kwenye karatasi za transista zilizopimwa zikiwa baridi kama samaki wa barafu. Jua la Waa halimo kwenye hesabu. Gari la mwalimu lina QuicRun 1060 ya Hobbywing, inayojiandika 60 tu, na karatasi yake inasema kwa betri ya seli mbili usiteremke chini ya raundi 12. Unyenyekevu ule ndio niliouona udhaifu nilipokuwa kauntani.

Na hapa kicheko kinanikauka kidogo. Si kontrola tu. Redio ya bei ya chini huandikwa wati 1,000 na hukohoa ukiipandisha nusu. Pawa benki ya bei ya chini huandikwa 20,000 na hufa kabla simu haijajaa. Taa ya sola yetu imeandikwa wati 200, na mke wangu hupika akiwa ameshika tochi. Mizani ya muuza samaki hukaguliwa na kupigwa muhuri, asinipunje robo ya tasi. Ampea zangu 320 zilivuka bahari, bandari na feri bila mtu kuziuliza jina. Tajiri huuziwa kitu. Sisi huuziwa namba. Na kadiri mfuko ulivyo mwembamba, ndivyo namba inavyonenepa, kwa sababu aliyeiandika anajua mwenye shilingi 950 hana mashine ya kupimia, ana matumaini tu.

Nimenunua kontrola ya 60 na mota ya raundi 27. Nililehemu nyaya kinyume. Gari likarudi nyuma likapanda mguu wa mwalimu. Niliacha betri ya lithiamu imeunganishwa usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imevimba kama hamri. Mama wa viazi amehamishia meza yake kona ya tano.

Juzi mjukuu wa jirani alikuja mlangoni na kuomba kile kibandiko cha kontrola iliyoungua. Nilikibandua kikatoka kizima, hakina hata doa la moshi. Nikampa. Sasa gari lake la waya limeandikwa 320A mbele, na ndilo pekee hapa kwetu lenye namba hiyo ambalo halijawahi kukwama mchangani.