Baba ni Si, Binti ni Na

Ukisimama Nakonde, upande wa Zambia, Tunduma unaiona hapo hapo. Honi za bajaji zake zinasikika, na simu isiyo na msimamo hushika mtandao wa Tanzania bila kugongewa muhuri wowote. Lakini Mtanzania aishiye Zambia ambaye pasipoti yake imefikia ukomo, njia yake ya halali ya kurudi hapo ng'ambo inaanzia Lusaka, karibu kilomita elfu moja kutoka mpakani, kwenye dirisha la ubalozi.

Jambo hilo alilijua vizuri mama mmoja mzaliwa wa Ndalambo, wilaya ya Momba, anayeuza mchele na dagaa katika soko la Soweto jijini Lusaka. Alilijua, akaliahirisha. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2018, na wenye vitabu vya zamani wakapewa miaka miwili ya kubadilisha. Miaka miwili! Nani ataacha meza ya dagaa kwa ajili ya jambo lenye miaka miwili mbele yake? Januari 2020 ikapita akiwa anapima mchele. Baadaye ikaja korona, na Mei mwaka huo Zambia ikaufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, naye akapata kisingizio chenye baraka za serikali mbili. Kisingizio kilidumu kuliko ufungaji wenyewe. Kiliisha mwaka 2022, siku mdogo wake wa kiume alipopiga simu kutoka nyumbani kusema kwamba mahari imepokelewa na harusi ni Agosti, mahindi yakishaingia ghalani.

"Dada, bila wewe hatuanzi," alisema. Kwa desturi za kwao hayo hayakuwa maneno ya adabu tu. Ilikuwa taarifa.

Fomu ya pasipoti siku hizi hujazwa mtandaoni. Mama alikwenda kwa kijana mwenye duka la kompyuta karibu na soko, Mzambia mwenye vidole vyepesi, wakaanza. Jina. Jinsia. Tarehe ya kuzaliwa. Walipofika mkoa wa kuzaliwa, safari ikasimama.

Cheti chake cha kuzaliwa kinasema alizaliwa wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Ni kweli. Mwaka 2012 ikazaliwa wilaya ya Momba, na Ndalambo ikahamia huko bila nyumba hata moja kusogezwa. Hiyo nayo ni kweli. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, ukaichukua Momba na vyote vilivyomo, na kitambulisho cha baba yake, kilichotolewa baadaye, kikaandikwa Songwe. Mzee hajawahi kuhama shamba lake, lakini kwa mujibu wa karatasi amekwisha ishi wilaya mbili na mikoa miwili. Mama akamwambia kijana aandike Songwe. Kijana, ili kumsaidia mteja, akaitafuta Songwe kwenye ramani ya simu yake, akamwonyesha uwanja wa ndege. Ni kweli pia kwamba Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, haupo mkoa wa Songwe, upo Mbeya. Kijana akauliza kwa heshima zote kama mama alizaliwa ndani ya ndege.

Wakaandika Mbeya, kama kilivyosema cheti.

Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa jina la ukoo, na hapa msomaji asiyetoka mpakani avumilie kidogo. Wanyamwanga, ambao Zambia huitwa Wanamwanga, wanaishi pande zote mbili za mstari, na jina la ukoo kwao hubadilika mwanzo kufuatana na jinsia. Mwanamume wa ukoo huanza na Si, mwanamke na Na. Baba ni Sinyangwe, binti ni Nanyangwe. Kaka ni Sichalwe, dada yake wa tumbo moja ni Nachalwe. Ukoo ni mmoja, na mtoto wa miaka mitano wa Ndalambo analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Mfumo wa pasipoti haujalelewa Ndalambo. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi ambazo mashine husoma, kila mstari una nafasi 44, kwa kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na jina la ukoo hutangulia. Kwa mashine hiyo, S na N ni watu wawili.

Bado kuna mwalimu. Huyu mama alipokuwa darasa la saba, mwalimu mmoja mgeni na mwenye bidii aliona orodha ambamo watoto wa nyumba moja wana majina mawili ya ukoo, akadhani karani amelewa, akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo cheti cha kumaliza shule kina Si. Cheti cha kuzaliwa kina Na. Pasipoti ya zamani ilifuata cheti cha shule. Kitambulisho cha taifa kikafuata cheti cha kuzaliwa. Alipozipanga karatasi hizo mbele ya dirisha la ubalozi, hakuna hata moja iliyokuwa ya kughushi, na nusu yake haikukubaliana na nusu nyingine.

Kijana wa dirishani alimwamkia vizuri, akazisoma, akazirudia.

"Mama, huyu wa kwenye pasipoti ni nani?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Na huyu wa kwenye kitambulisho?"

"Mimi pia."

"Na baba yenu?"

Mama alikiri baadaye kwamba hilo "yenu" lilimchoma, lakini kijana alikuwa na haki. Kazi yake ni kuhakikisha kitabu cha taifa hakiendi kwa mtu asiye wake, na mbele yake alikuwa na wanawake wawili wenye sura moja. Akaagiza viapo viwili: kimoja cha mama mwenyewe kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kingine cha kuzaliwa kwa baba, maana mzee hana cheti.

Kiapo cha kwanza kilikuwa rahisi. Kwa ada ndogo, mtu mzima anaapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye, anagongewa muhuri, na kuanzia hapo anaaminika.

Kiapo cha pili kilimtoa mzee Ndalambo hadi Tunduma, amevaa koti la kanisani. Alizaliwa kabla ya uhuru, nyakati ambazo mtoto wa kijijini alisajiliwa na wakunga waliokuwepo tu. Wakili akamweleza kwamba anahitajika mtu anayefahamu kuzaliwa kwake. Mzee akasema yeye anafahamu. Wakili akasema anahitajika mtu aliyekuwepo. Mzee akasema hata yeye alikuwepo. Ikabidi aletwe dada yake mkubwa, shangazi wa ukoo mzima, bibi wa zaidi ya miaka themanini ambaye ndiye aliyembeba mgongoni. Bibi alisomewa kiapo, akakataa kuweka dole gumba mpaka aelezwe ni nani huyo anayesema mdogo wake hakuzaliwa.

Alipotulizwa na soda, akaweka.

Hapo bahasha ikawa tayari Tunduma, na mwenye kuihitaji yuko Lusaka. Mama alikwenda kwa wakala wa mabasi, akaambiwa gari la Nakonde huondoka saa kumi na tano kwa hesabu ya Kizungu. Akageuza kwa Kiswahili, akampigia mdogo wake: saa tisa alasiri. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa na marais Magufuli na Lungu tarehe 5 Oktoba 2019, kiliunganisha madirisha ya nchi mbili. Saa hazikuguswa. Bwana harusi akafika stendi ya Nakonde mapema kwa saa ya Tunduma, yaani mapema mno kwa saa ya Nakonde, akasubiri hadi saa tisa u nusu yake, asione basi linalopakia, akahitimisha kwamba limemwacha. Akavuka kurudi na bahasha kwapani. Basi liliondoka nusu saa baadaye, kwa wakati wake barabara.

Aliyekuwa akimfariji mama sokoni siku hizo ni jirani yake wa meza, Mkongomani wa Lubumbashi auzaye vitenge, ambaye faraja yake ilikuwa ya aina ya pekee. Nchi yake iliwahi kuuza pasipoti kwa dola 185, miongoni mwa bei kubwa kuliko zote duniani, kabla bei haijateremshwa mwaka 2020 hadi dola 99. Mama alipolalamika kwamba nyumbani pasipoti ni Sh150,000, jirani alicheka mpaka akashika meza. Mwaka 2023 zamu ya kulia ikawa ya Wakenya: Nyayo House, Nairobi, mitambo ya kuchapia ilisumbua, vitabu vikapungua, na maombi yakarundikana kwa makumi ya maelfu. Waliopata kazi Ghuba wakabaki na mikataba mfukoni wakisubiri kitabu. Kila nchi ya ukanda huu ina namna yake ya kumfundisha raia subira, na ile ya Tanzania, kusema kweli, si kali kuliko zote. Ina maswali tu.

Hatimaye bahasha ilifika Lusaka Jumamosi, mwanzoni mwa Julai. Yeyote anayejua kalenda za nchi hizi mbili ameshaanza kucheka. Jumatatu ya kwanza ya Julai Zambia hukumbuka mashujaa wake. Jumanne inayofuata ni Siku ya Umoja. Kisha kuna Sabasaba, ambayo mwaka 2022 iliangukia Alhamisi. Balozi nyingi duniani huheshimu sikukuu za mwenyeji na za nyumbani pia, jambo zuri kwa urafiki wa mataifa. Mama alifika Jumatatu, akakuta mlinzi na kufuli. Jumanne alimkuta mlinzi yuleyule, ambaye sasa alimsalimu kwa jina la ukoo, tena lile sahihi, kwa kuwa naye alikuwa Mnamwanga wa Isoka.

"Nyie wa Na mna shida sana na karatasi," mlinzi alimwambia. "Dada zangu wote yamewakuta."

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuelewa suala zima bila kiapo alikuwa nje ya geti.

Jumatano milango ikawa wazi, viapo vikapokelewa, na picha ikakataliwa. Nyuma yake palikuwa peupe, palitakiwa bluu. Mpiga picha wa jirani na soko alikuwa na pazia jeupe na lingine lenye maporomoko ya Victoria. Mama akakimbia nyumbani, akarudi na shuka la bluu la mtoto, wakalishika wauza nyanya wawili, mmoja kila upande. Mmoja alikuwa mfupi. Picha ya kwanza ilikuwa na shuka upande mmoja na maporomoko upande wa pili. Ya pili ilikuwa na bluu ya kutosha, ila mama alikuwa anacheka, na kanuni za kimataifa zinataka uso mtulivu, mdomo umefumbwa. Ya tatu alifumba mdomo kwa kufikiria gharama, na ikatoka vizuri.

Alhamisi ikawa Sabasaba.

Ijumaa ikawa zamu ya vidole. Mashine ya alama za vidole hutafuta mistari ya ngozi, na mistari ya mtu aliyechota mchele na kushika dagaa wa chumvi kwa miaka mingi imesuguliwa na kazi. Tatizo hili linafahamika kila palipo na mashine hizo; huwapata wakulima, wafua nguo na mafundi ujenzi. Kijana wa dirishani alimfutia vidole kwa kitambaa, akampa mafuta kidogo ya kulainisha ngozi, akamwomba abonyeze kwa nguvu. Mashine ikakataa. Akabonyeza tena. Dole gumba la kulia, ambalo hutumika zaidi kuhesabu noti, ndilo lililogoma kuliko yote, na lilipokubali mwishoni watu wa kwenye benchi walipiga makofi.

Kitabu kilitoka kabla ya harusi, rangi ya bluu, chenye jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jina la ukoo likianza na Na. Pale mpakani ofisa wa Zambia alikitazama mara moja tu, akagonga. Ofisa wa pili alikitazama zaidi kidogo, akamuuliza kama ni ndugu wa bwana mmoja wa Si aliyepita asubuhi na keki.

Mwaka uliofuata bwana harusi alipata mtoto wa kike. Usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano, mpango wa wakala wa usajili, RITA, ambao mwaka 2013 ulianzia huko huko Mbeya, hufanyika bure kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, na cheti hutoka kwa mkono siku hiyohiyo. Baba wa mtoto alipiga simu Lusaka akiwa mbele ya meza ya mwandikishaji, simu iko kwenye spika.

"Dada, tuandike Si au Na?"

"Na!" alipiga kelele shangazi mtu kutoka Soweto. "Andika Na, usimruhusu mtu yeyote akusahihishe."

"Na," ilisikika sauti ya babu nyuma yake. "Na, na usiruke herufi."

Kukawa kimya kidogo, kisha sauti ya mwandikishaji, ya upole sana: alikuwa amekwisha andika Si, kwa kuwa ndivyo jina la baba linavyoanza, na fomu haina nafasi ya kufuta.