Farasi Tisini na Watano Wapotea Kathonzweni

Subaru Legacy ya turbo, ile steshenwagoni iliyoundwa Japani kati ya 1998 na 2003, huzeekea Kathonzweni, Makueni, kwa njia moja. Siku moja inapanda kilima na abiria watatu na magunia mawili ya ndengu, halafu inaishiwa pumzi. Haizimi, haifuki moshi, haigongigongi. Inapunguza mwendo tu, kwa adabu, mpaka inapitwa na Probox. Hapo ndipo mambo yote huanzia. Mwenye Legacy huvumilia mengi: spea za kuagizwa Nairobi, petroli inayoisha kabla ya mshahara, watoto wanaochora kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma. Kupitwa na Probox ya cc 1500 yenye mbuzi kwenye buti hakuvumiliki. Kufika jioni, baraza limeshakaa chini ya mti kando ya gereji: fundi, vijana wawili wa boda boda, mwalimu mstaafu asiye na gari, na mwuza miwa. Uamuzi hupitishwa bila upinzani. Injini hii ya cc 2000 ni ndogo, imechoka, iondolewe, iwekwe ya cc 2500. Mimi nadai kwamba baraza hilo limekosea, tena limekosea hesabu ya darasa la nne.

Hesabu yenyewe ni hii. Legacy GT-B ya miaka hiyo, ile ya gia za otomatiki, ilitoka kiwandani na turbo mbili na nguvu ya farasi 260. Injini ya cc 2500 isiyo na turbo, ambayo ndiyo hupatikana kwa urahisi kwa wauza injini za Japani, ina farasi takriban 165. Kwa hiyo mwenye gari ameongeza karibu cc 500 na kupoteza farasi 95. Ng'ombe 95 wakipotea Kathonzweni, chifu angeamshwa usiku na nyayo zingefuatwa mpaka mpakani. Farasi 95 wakipotea, watu hushikana mikono na kupeana hongera. Na bado hatujamaliza, kwa sababu Kathonzweni iko karibu mita 1000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo basi; ikikosa hiyo sehemu ya kumi, inapungukiwa nguvu kwa kiasi hichohicho. Turbo kazi yake ni kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, kwa hiyo upungufu huo huweza kuufidia kwa kiasi kikubwa. Ukitafuta chombo cha kukufaa kwenye miinuko ya Makueni, ni hicho hasa unachotaka kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Sasa, kwa nini gari lenye farasi 260 linapitwa na Probox? Kwa sababu halina tena farasi 260, na waliotoroka wametorokea kwenye tundu la mpira. Mfumo wa turbo mbili za Legacy ni werevu uliopita kiasi. Turbo ya kwanza hufanya kazi injini ikizunguka polepole, na ya pili huingia mizunguko inapokaribia 4500 kwa dakika. Kati ya ya kwanza kuondoka kwa adabu na ya pili kufika kwa ukali, kuna pengo ambalo wapenzi wa gari hili duniani kote wameliita bonde la mauti. Hata gari likiwa jipya pengo hilo lilikuwapo. Zamu hiyo ya turbo huongozwa na vali ndogondogo zinazoendeshwa kwa hewa kupitia vibomba vya mpira, vyembamba kuliko kidole, vimesokotana juu ya injini. Mpira wa miaka zaidi ya ishirini, uliokaa juu ya chuma cha moto katika nchi ya jua kama letu, huwa mgumu na kupasuka. Ukikikunja kibomba kimoja kati ya vidole vyako unaona nyufa ndogondogo zikifunguka mpaka ndani. Kikipasuka kimoja, turbo ya pili haiitiki, na bonde la mauti linakuwa uwanda. Dawa yake ni mita chache za bomba la silikoni na asubuhi nzima ya subira. Lakini fundi anayekubadilishia kibomba hapati hadhi. Anayening'iniza injini nzima kwenye mnyororo juu ya tawi la mwembe, huku nusu ya soko ikitazama, huyo ndiye fundi.

Kuinunua hiyo injini ndiyo sehemu rahisi, na hapa Wakamba wanapaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Ni sawa na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufungulia mahari: wakishafika nyumbani kwa binti, hakuna mzee anayedhani mahari yamekwisha. Injini ya cc 2500 ikiingia, waya zake hazifanani na za gari. Kompyuta ya zamani inaulizia turbo zake mbili, haizioni, na inawasha taa ya injini kwenye dashibodi. Fundi mwenye uzoefu anajua la kufanya: anakata kipande cha utepe mweusi na kuiziba taa. Halafu giaboksi. Ukinunua injini pamoja na giaboksi yake, na uwiano wa gia za mwisho ukatofautiana na ule wa difu ya nyuma uliyoiacha, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda kwa kasi mbili tofauti huku yameshikiliwa na mfumo mmoja. Kwenye matope hungejua, maana tairi huteleza na kupatanishana. Kwenye lami kavu gari hujivuta na kunguruma chini, na klachi ya kati huungua polepole. Lami ya kutoka Wote kwenda Makindu, inayopitia hapa Kathonzweni, huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka.

Kuna pia maji. Injini za Subaru za familia hii ya cc 2500 zinajulikana kwa gasketi za hedi kuvuja. Silinda zake zina upana wa milimita 99.5, dhidi ya 92 za ile ya cc 2000, kwa hiyo chuma kilichobaki kati ya tundu moja na jingine ni kidogo na gasketi haina pa kukaa kwa raha. Basi mtu anayeishi mahali ambapo maji hununuliwa kwa jerikani ya lita 20 anajiletea nyumbani mnywaji mwingine. Karatasi nazo zinakumbuka. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka badiliko kama hili liandikishwe, na kitabu cha gari kinachotolewa na mamlaka ya usafiri, NTSA, kina namba ya injini na ukubwa wake. Askari wa barabarani hatainama kuitafuta namba hiyo, maana imegongwa juu ya bloku, nyuma kabisa karibu na giaboksi. Mnunuzi atainama. Atakuja na tochi.

Utaniambia injini isiyo na turbo ni rahisi kutunza. Nakubali, na hii ndiyo hoja bora ya baraza: vibomba vichache, joto dogo, na mvuto laini katika mwendo wa sokoni. Mtu aliyezisaga turbo zake mbili kwa kukosa kubadilisha oili ana haki ya kuzikimbia. Ila aseme amehama kwa ajili ya amani. Asiseme amehama kwa ajili ya nguvu. Utaniambia tena kwamba turbo haziwezi vumbi la Kenya. Hapo nitakukumbusha Safari Rally ya 1990, ambapo Jim Heather-Hayes alimaliza wa nane kwa Legacy ya turbo ya cc 2000, gari la kwanza la Kundi N, yaani lile lililo karibu na la dukani, kuwahi kumaliza mashindano hayo. Na anayeamini kwamba ukubwa wa injini ndio unaofikisha mtu, amuulize Patrick Njiru. Mwaka 1993 alimaliza Safari hiyo akiwa wa 12 na kuongoza daraja lake kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 658. Injini hiyo ingeingia mara tatu ndani ya ile inayodaiwa kuwa ndogo mno kwa ndengu za Kathonzweni.

Hoja iliyobaki haitamkwi barazani, lakini ndiyo yenye nguvu kuliko zote: heshima. Kusema "ni cc 2500" kunajaza mdomo. Siidharau hoja hii. Watu wamejenga ghorofa kwa sababu dhaifu zaidi. Wengine hutaja mngurumo, na hao nao wanafuata njia isiyo yao, kwa kuwa ule mlio wa Subaru unaopendwa na vijana hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, na cc hazina neno ndani yake. Kama ni jina tu linalotafutwa, basi maandishi ya 2.5 ya kubandika kwenye mlango wa buti huuzwa peke yake Nairobi, pale Kirinyaga Road, na hushikwa na gundi bila kugusa waya hata mmoja. Kwanza badilisha vibomba, ili Probox iyasome ikiwa nyuma.