Mfalme wa Ndururu

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, acha uvumi ufike Bungoma kwamba unakusanya sarafu za zamani. Mimi nafundisha Kitale, na kwetu ni upande wa Chwele. Kabla ya uvumi huo nilikuwa jamaa wa kawaida, wa kukumbukwa Krismasi. Siku hizi kukitokea matanga, jina langu linatangulia kwenye orodha ya michango, na mbele yake kumeshaandikwa kiasi ambacho sikuahidi. Mjomba mmoja, khocha wangu kwa kwetu, alipanda matatu kutoka Kimilili akiwa na hati ya shamba kwapani, eti nilinunue mimi kabla halijaenda kwa watu baki. Nilipomwambia sina pesa, alicheka mpaka akatoa leso. "Mpwa wangu," akasema, "mtu mwenye pesa za King George husema hivyo hivyo."

Pesa za King George ninazo, sikatai. Ziko kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Mna rupia chache za India, maana ndizo zilizotumika huku mpaka 1920. Mwaka huo serikali ikaleta florini, na watu hawajamaliza kujifunza kuitamka, ikaondolewa, shilingi ikaingia: florini moja kwa shilingi mbili. Hesabu hizo zilikuwa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kuketi London, mbali kabisa na mzee aliyekuwa akihangaikia kodi ya nyumba yake huku Bungoma. Mna thumni pia, na shilingi zenye simba aliyesimama mbele ya milima, na senti zenye tundu katikati, pembe za ndovu zikilizunguka. Tundu lilimfaa mtu asiye na mfuko, alizitunga pesa zake kwenye kamba. Shilingi za kuanzia 1921 mpaka 1946 zina robo tu ya madini ya fedha. Za kuanzia 1948 hata robo hiyo haimo, ni shaba na nikeli. Tena kwenye hizo za 1948, George wa Sita hajiiti tena Mfalme Mkuu wa India, kwa sababu India ilijitawala 1947. Bwana yule alipokonywa nchi nzima, na hasara yote ikaonekana katika kupungua kwa maneno mawili matatu ukingoni. Ukiliyeyusha kopo langu zima utapata bangili moja ya mtoto, tena mtoto mwembamba. Khocha hataki kusikia habari hizo.

Kipenzi changu ni ndururu, yaani senti tano, ya 1936. Edward wa Nane alirithi kiti cha Uingereza Januari mwaka huo, akakiacha Desemba ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani mwenye talaka. Kwao Uingereza, sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini za kwetu zilikuwa zimeshapigwa kwa mamilioni, senti tano na senti kumi, nyingine kule Birmingham, ndiyo maana utaona herufi H au KN juu yake. Basi mfalme ambaye Mwingereza hakumwona mfukoni mwake, huku alikuwa akinunua chumvi na kiberiti. Sura yake haimo. Mahali pa sura pana tundu, na jina lake linalizunguka kwa Kilatini. Na kwa kuwa zilikuwa mamilioni, mkusanyaji hapati kwa ndururu hiyo hata thamani ya mlango wa shamba la Kimilili.

Niliipata juu ya bati. Nyumba ya Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, iliezekwa mabati enzi za ukoloni, na washa za misumari zilipoadimika, fundi alitumia senti. Alifikiri vyema: ndururu ilikuwa washa safi, tena imeshatobolewa na serikali. Niliziona siku moja nikiegemea ngazi nikichuma parachichi, na usingizi ukanitoroka kuanzia usiku huo. Nikapanda na nyundo ya kung'olea misumari, Kukhu akisimama chini na fimbo yake, hasemi kitu. Kila msumari uliotoka, bati lilipasuka pembeni, maana lilikuwa limechoka kutuzidi sisi sote. Niliahidi kurudishia washa za mpira jioni hiyo hiyo. Lakini ulikuwa mwezi wa Aprili, na mvua ya Bungoma haifuati ahadi za walimu.

Kitanda cha Kukhu kilihamishwa, kikahamishwa tena, mwishowe kikakosa pembe ya kwenda. Fundi wa Chwele alikuja asubuhi, akatazama juu, akatazama mkono wangu uliojaa senti, akataja bei ya mabati mapya bila hata kupima. Senti nyingi zilikuwa zimeliwa na kutu ya misumari. Moja iliyosomeka vizuri ilikuwa ya Edward. Nilimwonyesha Kukhu, nikamweleza habari ya kiti na ya mwanamke. Akaigeuza kiganjani. "Huyu amekaa juu ya kichwa changu tangu nilipoolewa," akasema, "na hakuvujisha hata tone. Wewe umemtoa siku moja tu, ona nilivyolowa. Afadhali mfalme kuliko mjukuu." Maneno hayo yalifika sokoni kabla yangu.

Uvumi wenyewe, hata hivyo, ulianzia Kitale hotelini. Mtu mmoja alinipigia simu akasema ni mnunuzi, amesikia nina "coin". Alikuja na suti, mkoba, sumaku, na mchele kidogo ndani ya bahasha. Watu wengi wa huku wanaujua mchele huo. Inasemekana sarafu "yenye nguvu" huuvuta, na ikiuvuta wewe ni milionea. Aliagiza kuku na ugali, akala kwa utulivu wa mtu asiyelipa. Kisha akatandika leso mezani, akaweka shilingi yangu ya 1922, akamwaga punje pembeni. Punje zikalala. Akasema shilingi imelala pia, inahitaji kuamshwa kwa mashine iliyoko Nairobi, na mwenye mashine anadai elfu thelathini za kuanzia. Nikamkumbusha habari ya Saudi Arabia ya 2009, uvumi ulipoenea kwamba vyerehani vya zamani vya Singer vina zebaki nyekundu ndani, watu wakavinunua kwa bei za kichaa, na kilichopatikana ndani kilikuwa ni chuma cha cherehani. Akatabasamu, akasema Waarabu hawakuwa na fundi mzuri.

Hapo ndipo mhudumu alipowasha feni. Punje mbili tatu zikateleza juu ya leso, zikaigusa shilingi. Mzee wa meza ya jirani akaruka: "Imevuta! Nimeona kwa macho yangu!" Watu wakatuzunguka, mmoja akiwa bado na kijiko mkononi. Nilijaribu kueleza habari ya feni, lakini nani atamsikiliza mtu anayekana utajiri wake? Mnunuzi akainuka kupokea simu, akadai netiweki ya humo ndani ni mbaya, na mpaka leo anaitafuta netiweki nzuri. Nililipa kuku, ugali, soda zake na chai yangu. Jioni hiyo mke wangu, Mama Nekesa, alipigiwa simu na dada yake akiwa Webuye, akiulizwa kama tutahama au tutajenga ghorofa hapa hapa.

Mama Nekesa havutiwi na utajiri wa aina hiyo. Shemeji yangu ambaye ni muuguzi Uingereza alikuja likizo akaniletea robo peni ya Henry wa Tatu, iliyomgharimu bei ya kuku watatu hivi. Lazima nisimame hapa kidogo, maana hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Zama hizo Mwingereza wa kawaida alikuwa na sarafu moja tu ya kununulia, peni ya fedha, nyembamba, na chenji ikikosekana aliikata vipande, nusu au robo. Mwaka 1247 Henry aliurefusha msalaba wa upande wa nyuma mpaka ukingoni, ili anayekwangua fedha pembeni aonekane mara moja. Wakataji nao wakapata mistari ya kufuata. Makanga wa Kiminini akiniambia hana chenji, huwa nawaza mkasi.

Habari nilizozipata kwa ajili ya kipande hicho zimenipa umaarufu wa kudumu ofisini mwa walimu. Niliwasimulia jinsi babu wa babu yake, Henry wa Kwanza, alivyowaita mafundi wa sarafu waje Winchester Krismasi ya 1124, wengi wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa, kwa kosa la kuchakachua fedha. Kimya kikatanda. Kisha mwalimu wa hisabati, Mbukusu mwenzangu, akasema sisi tunakata kidogo tu, tena Agosti, na anayekatwa tunampa ng'ombe. Jirani yangu mwenye duka, mzaliwa wa Lamu, alipenda zaidi habari ya Mfalme Offa wa Mercia, wa karne ya nane. Mafundi wake waliiga dinari ya dhahabu ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, wakaiga kila kitu, na shahada ikiwemo, wasijue walichokuwa wakikiandika. Katikati wakachomeka OFFA REX, maandishi ya Kiarabu yakiwa kichwa chini. Iko British Museum mpaka leo. "Kumbe alisilimu," jirani akasema, "ila hakuna aliyemwambia."

Turudi kwa robo peni. Niliiweka dirishani juani ili niipige picha, nikaingia ndani kuchukua simu. Nilipotoka, dirishani palikuwa na kuku. Kuku wa Mama Nekesa wanafanana wote, na wote walinitazama kwa uso uleule wa kutohusika. Nikapendekeza tuwachinje mmoja mmoja. Mama Nekesa akauliza, kwa upole wa kuogofya, kama Henry anataga. Basi nikashika kijiti, nikawafuata uani, nikichokoa kila walichoacha nyuma yao. Wanafunzi wangu waliokuwa wakipita njiani walinisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida, na Jumatatu darasa lilikuwa tulivu ajabu.

Wiki zikapita. Mzee mmoja wa kanisa akatutembelea, na kwetu mgeni wa heshima hachinjiwi kabichi. Nekesa ndiye aliyepasua firigisi jikoni, na firigisi kwetu ina mwenyewe, ni ya mgeni mkubwa au ya baba mwenye nyumba. Haipotelei kwenye sufuria. Akaja sebuleni, mkono wazi, mbele ya mzee: "Baba, kuku alikuwa na kibati." Kilikuwa Henry. Lakini firigisi ni kinu, na ndani yake mna changarawe. Msalaba wa 1247, uliowashinda wakwanguaji wa Uingereza, ulikuwa umesagwa ukaisha. Nilibaki na pembetatu ya fedha inayong'aa, isiyo na mfalme wala herufi. Mzee wa kanisa aliishika, akaipindua, akauliza kama ndiyo ile inayovuta mchele.

Wanaoniona nimepotoka nawaelekeza Makumbusho ya Kitale, waone ilichoachiwa serikali na Luteni Kanali Hugh Stoneham. Mzungu huyo alikusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote, akaanzisha makumbusho yake mwenyewe hapa Trans Nzoia 1926, na alipofariki 1966 akaiachia serikali mkusanyiko huo. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974. Sijasikia popote kwamba kanali aliombwa elfu hamsini za matanga kwa sababu ana vipepeo. Mzungu akikimbiza nondo na wavu ni mwanasayansi. Mbukusu akiokota senti yenye tundu ni mganga, au ni tajiri mchoyo, na mchoyo ndiye anayechukiwa zaidi.

Sasa neno langu kwako wewe mwenye sarafu za marehemu babu. Usizisugue kwa majivu na ndimu. Mkusanyaji hulipia ule weusi wake na maandishi yanayosomeka, wala hakulipi kwa kung'aa. Ukiing'arisha umefanya kazi ya kuku. Asije mtu na sumaku akakutisha, kwani shaba na fedha hazishiki sumaku hata zikiwa halali kabisa. Anayetaka umpe pesa kwanza ili anunue sarafu yako si mnunuzi, muuzie chai tu, na alipe kabla hajainywa. Mimi nanunua ndururu ya 1936 kwa shilingi mia moja taslimu, na chakula cha mchana juu yake. Ikiwa iko juu ya bati la nyanya yako, tafadhali, iache hapo hapo mpaka kiangazi.