Jengeni Wenyewe

Mhadhiri wetu wa ualimu, kozi ya mtandaoni, alianza na wanasaikolojia Piaget na Vygotsky, wote wazaliwa wa 1896, ambao kila mmoja kwa namna yake alisema mtoto si debe la kumiminiwa maji: maarifa huyajenga mwenyewe kwa kugusa, kukosea na kubishana na wenzake. Hayo alitusomea kwa saa mbili, neno kwa neno, kutoka kwenye slaidi 84. Maikrofoni zetu alikuwa amezifunga zote, tusije tukamvuruga.

Vygotsky alitaka mwanafunzi awe karibu na mtu anayemzidi ujuzi. Hilo tulilipata: kando yangu aliketi binti yangu wa darasa la nne, akinionyesha pa kubofya.

Kisha tukagawanywa vikundi "tujenge maana kwa pamoja". Tulikuwa sita, kamera zote zimezimwa. Dakika ya kwanza: "Jamani, mnanisikia?" Ya tatu, jogoo akawika kwa mtu. Ya tano, mmoja akauliza swali lenyewe ni lipi, kimya. Ya saba bando langu likakata.

Mwaka 1976 mwanasaikolojia Jerome Bruner na wenzake wawili waliufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa la fundi, linaloondolewa kidogo kidogo kadiri jengo linavyosimama. La kwetu liliondolewa kabla ya tofali la kwanza. Nikamwandikia mhadhiri kuomba ufafanuzi.

"Ndugu mwalimu," akajibu, "jengeni wenyewe."

Mtihani ulikuwa wa kuchagua A, B, C au D.