Dagaa wa Msuka Waenda Lubumbashi

Pemba yote, kutoka Ras Kigomasha hadi ncha ya kusini, haifiki urefu wa kilomita 70. Mtu wa Msuka akisema ana safari ndefu, anakusudia Mkoani, na huagwa kwa dua. Watu wa aina hiyo ndio walioketi barazani kwa ami yangu kupanga njia ya lori la Lubumbashi.

Dagaa ndio waliotutia katika mambo haya. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, na Wakongo huja kuwanunua huku visiwani. Ami akapiga hesabu ya faida ya Mkongo, akakosa usingizi. "Kwani sie hatuna miguu?" Wenye hisa wakapatikana, na mimi, kwa kuwa nimekaa skuli zaidi kuliko wao, nikakabidhiwa daftari.

Njia yenyewe si ngumu kuiandika. Fuso hadi Mkoani, meli hadi Dar es Salaam, kisha semi-trela la kukodi: Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma. Ukivuka uko Nakonde, unaikata Zambia kwa Mpika na Kapiri Mposhi mpaka Kasumbalesa, na Lubumbashi iko mbele yake. Ni karibu kilomita 2,000 kutoka Dar. Ugumu ulianza pale dereva, mtu wa Bara, alipotusomea masharti kwa simu iliyofunguliwa sauti katikati ya baraza.

Kwanza mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo wake. Baraza likacheka, maana dagaa ni wepesi, hata tungepanda wenye hisa wote tusingefika huko. Dereva akasema kila ekseli nayo ina uzito wake: ukilundika mzigo nyuma, unaweza kukamatwa Vigwaza na jumla yako ikiwa halali kabisa. Bi mkubwa mmoja, mwenye hisa kumshinda ami, akauliza kama dagaa wake wanaweza kukaa mbele, karibu na dereva, wawe wanaangaliwa.

Ikaja Mikumi. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na ukigonga mnyama faini yake imeshaandikwa, kila mnyama na bei yake, kwa dola. Twiga ni katika walio ghali. Ami akataka kujua kama ukishalipa unaondoka na nyama. Alipoambiwa hapana, akaniamuru niandike kwa herufi kubwa: MIKUMI POLEPOLE. Hilo ndilo sharti la kwanza la usalama lililopita bila mjadala. Sisi tuna msitu wetu wa Ngezi, na popo wa Pemba hajapata kumdai mtu dola.

Tukaambiwa pia dereva awe na kadi mbili za njano, moja ya COMESA kwa bima ya gari, nyingine ya chanjo ya homa ya manjano. Vijana wa mpira waliokuwa wakisikiliza pembeni wakapiga kelele kwamba njano mbili ni nyekundu, na kikao kikavunjika kwa muda. Kiliporejea, tukapata habari kubwa zaidi: Kongo huendesha kulia. Yaani umetoka Dar ukishika kushoto, Zambia nzima kushoto, halafu mpakani, ukiwa hoi kuliko siku zote, ndipo unapotakiwa uhamie mkono wa pili. "Basi na alale kwanza," alisema ami, na baraza zima likaafiki. Nikaandika: DEREVA ALALE. Wakatia saini.

Daftari lilikuwa na vizimia moto, pembetatu za tahadhari, gia ndogo za kupandia mlima wa Kitonga. Halikuwa na mwembe wa njia ya Konde. Kwa wepesi wa dagaa, viroba vilipangwa kwenda juu mpaka vijana wakachoka kurusha, na Fuso likanasa kwenye tawi watu wangali wanapunga mikono. Viroba vya juu vikapasuka. Sijapata kuona kuku wakishikamana kama siku ile. Paka walikuja kukuta mchanga. Mwenye mwembe alitoka na beseni, akasema anatusaidia kuokota. Aliokota kweli, na yeye na beseni wakaingia ndani.

Bara mambo yalikwenda vizuri. Tatizo likawa baraza. Dereva alipiga simu kutoka Makambako kusema anapumzika. "Saa mbili usiku? Kwani lori halina taa?" Nikafungua daftari, nikawaonyesha saini zao. Wakanyamaza. Kisha mmoja mmoja akajitenga na simu yake, akampigia dereva kuhakikisha kwamba kweli amelala. Alfajiri dereva akanipigia mimi, sauti imemkauka: "Kaka, hivi huko kwenu hakuna usiku?"

Mzigo ulifika. Faida ni ndogo kuliko ile ya hesabu za ami, lakini ipo, na giza la mwezi huu lori linaondoka tena. Wenye hisa wenzangu, nawaombeni: dereva akisema anakwenda kulala, asipigiwe simu kuulizwa kama amelala.